KANU na Siku Tisini: Habari ya Ushindani Ulioanzia Nakuru

Wako watu wengi, wasomi na wasiosoma, wanaoamini kwamba kiongozi wa chama cha siasa huchaguliwa siku ile ya mkutano mkuu, wajumbe wanapoinua mikono au kutia karatasi zao sandukuni. Neno hilo husikika sana, katika vijiji vya Bahati na Njoro, na hata katika mitaa ya wafanya kazi wa mji wetu kama Free Area. Mkutano mkuu ukitangazwa, watu huanza kuhesabu nani ana wajumbe wangapi, kama wahesabuvyo ng'ombe mnadani.

Kusema kweli, mara nyingi jambo huwa limekwisha kuamuliwa kabla ya siku hiyo. Huamuliwa wakati kanuni zinapoandikwa, na mara nyingi huandikwa miaka mingi kabla, na watu ambao nia yao ilikuwa nyingine kabisa. Mkulima aliye mwanachama wa chama cha ushirika cha maziwa au cha pareto atanielewa upesi. Yeye ajua kwamba mwenyekiti wa ushirika hupatikana kwa kura, lakini ajua pia kwamba yuko mtu anayeshika daftari ya wanachama, na mwingine anayepanga siku ya mkutano, na kwamba kuna ibara katika kanuni isemayo nani atakaimu mwenyekiti akifa. Siku ya kura watu humtazama mgombea. Karani, kwa desturi ya kazi yake, huitazama ile daftari.

Katika nchi yetu hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa chama cha KANU katika miaka ya 1976 mpaka 1978, kilipotafutwa kiti cha mtu atakayemfuata Mzee Jomo Kenyatta. Ushindani huo ulijitokeza hadharani kwa mara ya kwanza hapa Nakuru. Lakini hauwezi kueleweka bila kurudi nyuma kidogo, mpaka mwanzo wa chama chenyewe.

KANU kilizaliwa wilayani Kiambu katika mwaka wa 1960. Mwezi wa Machi viongozi walikutana wakakubaliana kuunda chama kimoja cha nchi nzima, nao walitaka Mzee Kenyatta awe Rais wake, ingawa alikuwa bado kizuizini. Serikali ya kikoloni ilikataa kuandikisha chama chenye jina lake juu. Basi tarehe 14 Mei 1960 wakamchagua Bw. James Gichuru kuwa Rais, Bw. Oginga Odinga Makamu wake, na Bw. Tom Mboya Katibu Mkuu. Mweka hazina akawa Bw. Ronald Ngala wa Pwani, na msaidizi wake Bw. Daniel arap Moi wa Rift Valley. Hao wawili hawakuwapo mkutanoni, na waliposikia habari hawakuvipokea vyeo hivyo. Mwezi uliofuata, huko Ngong, wao na wenzao wakaunda chama cha KADU, kwa kuwa walihofu kwamba makabila makubwa yangewameza yaliyo madogo. Watu wa Bonde la Ufa wenye umri mkubwa wanaikumbuka hofu hiyo, na mzizi wake ulikuwa ardhi.

Bw. Gichuru alikishika kiti cha KANU kama mtu anayemshikia ndugu yake kiti barazani. Mzee Kenyatta alifunguliwa mwezi wa Agosti 1961, na tarehe 28 Oktoba mwaka ule ule akapokea urais wa chama, Bw. Gichuru akiondoka bila ugomvi. Ni jambo la nadra katika siasa, na yafaa kulisifu. Naomba msomaji aliweke jina la Gichuru akilini, maana litarudi mara mbili zaidi.

KADU ilijivunja mwezi wa Novemba 1964 ikaingia KANU. Sasa chama kimoja kilikuwa na watu waliokuwa maadui jana, na ndani yake ukaanza mgawanyiko wa namna nyingine, kati ya upande wa Bw. Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais wa nchi na wa chama, na upande wa Bw. Mboya. Hapo ndipo ulipofika mkutano wa Limuru, mwezi wa Machi 1966.

Mkutano ule ni shule kamili ya siasa. Bw. Odinga hakupingwa na mtu kwa kura. Kiti chake kilifutwa tu. Kanuni mpya za chama ziliondoa Makamu mmoja wa nchi nzima, zikaweka makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa na mmoja wa Nairobi. Mtu aliyekuwa wa pili nchini akaambiwa, kama apenda, agombee kuwa mmoja katika wanane. Hakukubali. Katika Mkoa wa Kati, Bw. Bildad Kaggia alipata kura nyingi kuliko Bw. Gichuru, lakini kura ile ikarudiwa siku iliyofuata, na safari ya pili Bw. Gichuru akashinda. Kwa upande wa Rift Valley aliyechaguliwa ni Bw. Moi, yule aliyekikataa cheo cha msaidizi wa mweka hazina miaka sita kabla.

Nakuru iliguswa na mambo hayo moja kwa moja. Mbunge wa Nakuru Mjini wakati huo alikuwa Bw. Ramogi Achieng Oneko, Waziri wa Habari, mmoja wa wale walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Mzee Kenyatta. Yeye alikuwa mtu wa Nyanza, lakini mji huu wa reli na viwanda, wenye watu wa kila kabila, ulimchagua mwaka 1963. Bw. Odinga alipojiuzulu mwezi wa Aprili 1966 na kuunda chama cha KPU, Bw. Oneko alimfuata. Sheria ikatungwa upesi kwamba mbunge ahamaye chama lazima arudi kwa wapiga kura, na katika uchaguzi mdogo wa mwezi wa Juni akakipoteza kiti cha Nakuru. KPU ilipigwa marufuku tarehe 30 Oktoba 1969, na Bw. Oneko akawekwa kizuizini mpaka 1975. Hivyo mabadiliko ya ibara chache za kanuni, yaliyofanywa Limuru, yaliwaondolea watu wa Nakuru mbunge waliyemchagua wenyewe.

Sasa twafika penye kiini cha habari. Mwaka 1968 Bunge liliibadili Katiba ya nchi juu ya namna ya kumpata Rais. Kabla ya hapo, Rais akifa kiti chake kingejazwa na Bunge. Sheria mpya ilisema Rais atachaguliwa na wananchi wote, tena kila mgombea lazima ateuliwe na chama cha siasa, asiwepo mgombea wa peke yake. Na Rais akifa, Makamu wa Rais atashika madaraka kwa muda usiozidi siku tisini, na katika siku hizo uchaguzi ufanywe. Huyo Makamu hakupewa mamlaka yote. Mambo makubwa, kama kuwaweka watu kizuizini, hakuweza kuyafanya bila kukubaliwa na Baraza la Mawaziri.

Wakati huo wengi waliona kwamba shabaha ya sheria ile ilikuwa Bw. Mboya. Yeye alikuwa na nguvu Bungeni, na kama Bunge ndilo lingejaza kiti, huenda angekipata. Hata umri ulitiwa katika hesabu. Kwanza ilipendekezwa kwamba mgombea wa urais awe ametimiza miaka 40, na Bw. Mboya, aliyezaliwa 1930, hakuwa ameifikia. Baada ya ubishi umri ukashushwa ukawa 35. Bw. Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na jambo lake likaisha kwa njia ya kusikitisha.

Lakini sheria iliyoandikwa haifi pamoja na mtu iliyemlenga. Siku tisini zilibaki katika Katiba. KPU ilipokwisha kufungwa, KANU ikawa chama cha pekee, na kwa kuwa hakuna mgombea asiye na chama, yeyote ambaye KANU ingemfanya Rais wake ndiye angekuwa Rais wa Kenya bila mpinzani. Yaani uchaguzi wa nchi nzima uliingia ndani ya chumba cha mkutano wa chama kimoja. Na mlango wa chumba hicho ulikuwa na mtu amesimama karibu yake tangu tarehe 5 Januari 1967, siku Bw. Moi alipofanywa Makamu wa Rais.

Wapo waliodhani yeye ni mtu wa kupita. Alikuwa mwalimu kwa kazi yake ya kwanza, mpole wa maneno, mtu wa Baringo asiye na kabila kubwa nyuma yake. Miaka ikaenda. Mzee Kenyatta alikuwa akizeeka na kuugua mara kwa mara, na alipenda kukaa katika Ikulu ya Nakuru, hata wajumbe wa kila wilaya wakazoea kuja hapa na ngoma zao kumwona. Mji wetu ukawa kama makao makuu ya pili. Kadiri Mzee alivyodhoofika, watu wa karibu yake wakaanza kuisoma ile ibara ya siku tisini, na walipoisoma vizuri wakaona hatari yake.

Mtu anaweza kuuliza siku tisini ni kitu gani. Msimu mmoja wa mahindi hauivi katika siku hizo hapa kwetu. Lakini karani yeyote aliyepata kukaimu kazi ya mkubwa wake ajua thamani ya miezi mitatu. Anayekaimu ndiye mwenye funguo. Barua zote hupita kwake, maofisa wa mikoa humsalimu yeye, polisi hupokea amri yake, na watu wanaotafuta cheo hawaendi kumpigia hodi mtu asiye na kiti. Huyo akifika mkutanoni siku ya kura, haji kama mgombea kati ya wagombea. Aja kama mwenye nyumba.

Basi tarehe 26 Septemba 1976 ulifanywa mkutano wa hadhara Nakuru, na hapo ikatangazwa nia ya kubadili Katiba ili Makamu wa Rais asikishike kiti moja kwa moja Rais afapo. Wakuu wa jambo hilo hawakuwa watu wadogo. Alikuwapo Bw. Kihika Kimani, mbunge wa Nakuru Kaskazini na kiongozi wa kampuni ya Ngwataniro, iliyokusanya fedha za maelfu ya watu kununua mashamba ya Wazungu. Alikuwapo Bw. Njenga Karume, mwenyekiti wa umoja wa GEMA, na Dk. Njoroge Mungai, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje mpaka alipopoteza kiti cha Dagoretti mwaka 1974. Mawaziri Jackson Angaine wa Meru na Paul Ngei wa Machakos walikuwa upande huo, na pamoja nao Bw. James Gichuru, yule yule aliyewahi kukishika kiti cha KANU na kukirudisha kwa mwenyewe.

Kwa nini walianza Nakuru? Naona sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ile ya Ikulu. Neno lililosemwa Nakuru lilisikika kana kwamba limesemwa karibu na sikio la Mzee, na watu wangeweza kudhani lina baraka zake. Ya pili ni ardhi. Hapa palikuwa na wanahisa wengi waliouza mbuzi na kuweka akiba za mishahara ili kupata ekari chache, na wengi wao hawakuwa na hati mkononi. Walikuwa na cheti cha hisa tu, na jina katika daftari ya kampuni. Mtu wa namna hiyo humsikiliza sana anayemwambia kwamba akija mkubwa mwingine shamba lake halina salama. Na jirani yake aliyezaliwa bondeni humu, ambaye babu zake walichungia ng'ombe pale pale kabla ya Wazungu, yeye naye alikuwa na hofu yake, na mkutano ule haukuipunguza. Ushindani wa wakubwa ulikuwa juu ya kiti. Kwa watu wa chini ulikuwa juu ya mahali pa kulala watoto.

Hoja ya wale wakuu, tukiipima kwa haki, haikuwa ya kijinga. Walisema si vyema mtu mmoja apewe faida juu ya wengine kabla wananchi hawajachagua. Hoja hiyo ingeweza kutolewa Bungeni, ikajadiliwa kwa utulivu kama sheria nyingine. Kosa lao, kwa maoni yangu, ni kwamba waliitoa wakati ambapo kila mtu alijua hawaichukii kanuni bali wamchukia mtu. Tena baadhi yao walikuwa na vyeo katika Serikali iliyoipitisha kanuni hiyo mwaka 1968, ilipoonekana kumfaa kila mtu isipokuwa Bw. Mboya. Wahenga walikwisha kutuambia habari za mchimba kisima.

Jibu lilikuja upesi. Tarehe 6 Oktoba 1976 Mwanasheria Mkuu, Bw. Charles Njonjo, alitoa onyo kwamba kuwaza, kubuni au kukusudia kifo cha Rais ni kosa la jinai, na kwamba adhabu yake ni kifo. Hakutaja jina la mtu. Ibara hiyo ya sheria ilikuwamo katika vitabu siku zote, ila hakuna aliyefikiri kwamba yaweza kutumika juu ya mazungumzo ya nani atafuata. Mwezi ule ule Baraza la Mawaziri lilikutana Ikulu hapa Nakuru chini ya Mzee Kenyatta mwenyewe, na onyo la Bw. Njonjo likaungwa mkono. Wakati huo huo Bw. Stanley Oloitipitip alikuwa amekusanya sahihi za wabunge karibu mia moja, katika Bunge la watu 158 wa kuchaguliwa na 12 wa kuteuliwa, wanaopinga mabadiliko. Mikutano ikanyamaza.

Angalia jinsi mambo yalivyokwenda. Upande mmoja ulikuwa na fedha, kampuni, umoja wa makabila na majina makubwa, nao ulihutubia umati wa watu. Upande wa pili ulifungua kitabu cha sheria ukasoma sentensi moja. Mtu anaweza kuipenda au kuichukia sentensi ile, na mimi siioni kuwa kitu cha kujivunia kwamba watu wazima walikatazwa kusema jambo ambalo kila mmoja alikuwa akiliwaza. Lakini kama kazi ya siasa, ilikuwa imefanywa na mtu anayejua kazi yake.

Ukabaki mlango mmoja, nao ulikuwa chama chenyewe. KANU haikuwa imefanya uchaguzi wa viongozi wake wa taifa tangu Limuru, miaka kumi na moja nzima. Hebu fikiri, ushirika wa maziwa ambao haujafanya mkutano wa uchaguzi kwa miaka kumi na moja! Ofisa wa ushirika angefika na askari. Ikatangazwa kwamba uchaguzi utafanywa tarehe 3 Aprili 1977, na pande zote mbili zikaanza kuyazunguka matawi, maana wajumbe hutoka katika matawi, na mwenye tawi ndiye mwenye wajumbe. Ugomvi wa matawi ulikuwa mkali. Kisha, wakati watu walipokuwa tayari kwa kura, uchaguzi ukaahirishwa. Wale waliotaka kumpunguza nguvu Makamu wa Rais kwa njia ya chama wakabaki na orodha zao za wajumbe mifukoni.

Uchaguzi unapoahirishwa, faida humwendea aliyekwisha kukaa kitini. Jambo hilo ni kweli katika ushirika, katika halmashauri ya shule, na katika Serikali.

Mzee Kenyatta alifariki Mombasa alfajiri ya tarehe 22 Agosti 1978. Bw. Moi alikuwa nyumbani kwake Kabarak, nje kidogo ya mji wetu. Alipigiwa simu, akaondoka mara moja kwa motokaa kwenda Nairobi, na alasiri ya siku ile ile Jaji Mkuu Sir James Wicks akamwapisha kushika madaraka ya Rais. Baadaye mwaka ule ilidaiwa kwamba kikosi cha polisi cha kupambana na wezi wa mifugo, kilichoitwa Ngoroko na watu, kiliandaliwa ili kumzuia asifike na kuwadhuru wakubwa wengine. Mkubwa wa polisi wa Rift Valley, Bw. James Mungai, aliikimbia nchi. Habari ya Ngoroko imesimuliwa kwa namna nyingi na imezidi kukua kila inaposimuliwa. Lililo hakika ni kwamba safari ile ya asubuhi ilikuwa na maana kwa sababu ya ile ibara. Bila ibara, Kabarak ingekuwa nyumba ya waziri mmoja tu kati ya wengi.

Siku tisini zikaanza kuhesabiwa, na hazikuhitajiwa zote. Matawi ya KANU, yaliyokuwa yakigombana mwaka uliopita, yakaanza kutuma maazimio ya kumuunga mkono Bw. Moi. Mzee alizikwa tarehe 31 Agosti. Tarehe 6 Oktoba, siku ya arobaini na tano tangu kifo chake, na miaka miwili kamili tangu onyo la Bw. Njonjo, mkutano wa wajumbe ulimchagua Bw. Moi kuwa Rais wa KANU bila mpinzani. Kwa kuwa hapakuwa na chama kingine, hapakuwa na mgombea mwingine wa nchi, naye akaapishwa kuwa Rais wa pili wa Kenya tarehe 14 Oktoba. Mwishoni mwa mwezi huo vyeo vingine vya chama vikajazwa, Bw. Mwai Kibaki akawa Makamu wa Rais wa chama, na Bw. Robert Matano Katibu Mkuu.

Basi hiyo kura iliyongojewa tangu Limuru ilipofika, haikuwa na la kuamua juu ya kiti kikubwa. Wajumbe walishangilia jambo lililokwisha kutendeka. Sisemi kwamba wangemkataa Bw. Moi kama wangepewa nafasi, maana alikuwa amekwisha kuizunguka nchi yote na watu wengi walimpenda kwa unyenyekevu wake wa siku zile. Nasema tu kwamba hawakuulizwa. Na katika miaka yote ishirini na minne aliyokaa kitini hakuna aliyesimama katika chama kushindana naye kwa kura. Wajumbe wa KANU walikuja kumchagua mkuu wao kwa karatasi, kati ya watu wawili, mwanzoni mwa 2005, pale Bw. Uhuru Kenyatta alipomshinda Bw. Nicholas Biwott huko Kasarani. Wakati huo chama kilikuwa kimekwisha kupoteza Serikali katika uchaguzi wa Desemba 2002. Kiti kilipopungua uzito, ndipo wajumbe walipoachiwa wakipime.

Siku tisini zenyewe hazimo tena katika sheria. Katiba ya 2010 yasema Naibu wa Rais hukishika kiti kwa muda wote uliobaki, na vyama sasa vina Msajili wake na baraza la kuamua migogoro yao. Mwanachama anayeona kwamba ameonewa katika uteuzi ana mahali pa kupeleka karatasi zake.

Na wale watu wa mkutano wa Nakuru? Dk. Mungai na Bw. Karume waliendelea na siasa kwa miaka mingi, na Bw. Karume alikuja kuwa Waziri chini ya Rais Kibaki. Bw. Gichuru alifariki mwaka 1982. Umoja wa GEMA ulivunjwa mwaka 1980 pamoja na jumuia nyingine za makabila. Kiti cha Nakuru Kaskazini kilichukuliwa katika uchaguzi wa 1979 na Bw. Koigi wa Wamwere, kijana aliyetoka kizuizini tarehe 12 Desemba 1978, Rais mpya alipowafungua wafungwa wote wa siasa, naye akaja kuwekwa kizuizini tena na Serikali ile ile mwaka 1982.

Kampuni za kununua mashamba ziliagizwa na Serikali katika miaka ya 1980 zivunjwe, na kila mwanahisa apewe hati yake mwenyewe. Wapima ardhi wakaja na minyororo yao, wakapanda mawe ya mipaka kutoka Bahati mpaka Molo. Wengine walipata shamba kama walivyoahidiwa, wengine wakakuta nambari yao imeangukia bondeni penye mawe, na wako waliofika ofisini na cheti cha hisa cha 1974, kimekunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo, wakaulizwa na karani kama jina lao limo katika daftari.